Muongo Mmoja, Suruali Tatu

Mwezi uliopita nilifunga studio yangu ya picha katika mtaa wa Tena. Macho ndiyo yaliyoomba ruhusa kwanza, magoti yakafuata. Ninyi vijana mnaopiga picha za harusi na za wanamuziki wa mtaani mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Kuhusu mashine sina la kuwafundisha, maana simu ya mjukuu wangu inaona gizani kuliko kamera zote nilizowahi kumiliki. Nitaandika jambo moja ambalo mpaka leo linaniacha mdomo wazi, nalo ni jinsi mtaa unavyoweza kugeuka mara tatu ndani ya miaka kumi, huku watu ni wale wale na nyumba ni zile zile.

Kazi nilijifunzia mtaa wa Ziwani, kwa Mzee Karanja. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyokuwa akiishi. Ukutani palikuwa na kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee na wateja, na koti moja la kuazima lililowatosha wote kwa sababu halikumtosha yeyote. Nyuma ya kiti kilining'inia kitambaa kikubwa kilichochorwa maporomoko ya maji. Mzee Karanja alivaa tai kila siku, hata siku ambazo hakuja mteja.

Miezi mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kushika kamera. Nilifagia, nikapangusa kioo, nikawanyoosha watu kola. Kisha siku moja akaja mwashi aliyetaka picha ya kumpelekea mama yake Murang'a, na Mzee akaniita nitazame kwenye kamera.

"Umeona nini, Nduku?"

"Nimeona uso, Mzee."

"Na viatu?"

"Viatu havionekani."

"Huyu mtu amepaka viatu rangi asubuhi yote. Ukivikata umemwibia." Akaisogeza kamera nyuma hatua mbili. "Uso wa mtu ni wa Mungu, nguo ni za wakati. Kazi yetu ni kuchukua vyote viwili."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kumkata mteja miguu, isipokuwa kwenye picha za kitambulisho, na hizo si picha, ni adhabu.

Kosa lake moja nililirithi pamoja na mengine yote. Hakuandika tarehe. Kila mkanda wa negativu uliingia kwenye bahasha, juu yake jina la mteja na idadi ya picha, basi. Nilipomuuliza, alisema kwamba mtu akija kutafuta picha yake hataji tarehe, anataja jina. Ninyi andikeni tarehe. Mtaona kwa nini.

Mzee Karanja alipofariki nilichukua kamera na kile kitambaa cha maporomoko, nikahamia Tena, karibu na nyumbani kwangu. Miaka ya elfu mbili ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilifungua mlango nikiamini kwamba kazi ni ile ile, ila watu ndio wengine.

Mteja wangu wa kwanza kijana alikuwa Kimani. Mama yake aliuza mboga, na yeye alikuwa akifundishwa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya jua kali kando ya barabara. Aliingia amevaa suruali ambayo kila mguu wake ungemtosha mtu mzima. Kichwani alifunga kitambaa, na fulana yake ilikuwa ya timu ya mpira wa kikapu ya mji fulani wa Amerika. Nilimuuliza mji huo uko upande gani. Akasema uko huko tu.

"Tabasamu kidogo, Kimani."

"Zii, mathe," akakataa. "Gangster hacheki."

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemwona gangster huyo akiosha vikombe vya chai kanisani. Nilimpiga picha bila kicheko, mikono imekunjwa, amechuchumaa mbele ya maporomoko ya maji. Ilikuwa picha nzuri kwelikweli. Niliikuza nikaiweka dirishani, na ndani ya wiki moja nikawa na foleni ya vijana waliotaka kuchuchumaa. Mwaka huo wote sikuona meno ya kijana yeyote. Wasichana walikuja na viatu vyenye soli nene kama tofali, nami nikajifunza kuwapa muda wa kuvuka kizingiti.

Nikasema moyoni, sasa nimewajua vijana. Nikakaa raha.

Sijui ilianza siku gani. Nakumbuka tu kwamba redio za mtaa mzima zilianza kuimba Sheng, lugha ya vijana wenyewe. Nyimbo zilitaja mitaa tunayoishi, stendi tunazoshukia, vyakula tunavyokula. Vijana wakaacha kutaka kufanana na watu wa mbali. Fulana zikaandikwa maneno ya hapa, majina ya mitaa kifuani, shanga za rangi za bendera mkononi. Suruali zikapungua hadi zikawa na ukubwa wa binadamu. Na ajabu kuliko zote, wakaanza kucheka mbele ya kamera. Walikuja sita kwa pamoja, wanasukumana, wanaonyesha alama za vidole ambazo hakuna aliyeweza kunieleza maana yake.

Mimi sikuona. Macho yaliona, lakini akili ilikuwa imekaa raha. Dirisha langu likabaki na vijana wa kuchuchumaa, na wateja wakapungua. Nilidhani ni njaa ya Januari, mpaka ikafika Aprili. Siku moja nikawasikia wasichana wawili wamesimama nje.

"Hapa ni studio ama ni makumbusho?" mmoja aliuliza.

"Ni makumbusho," mwenzake akajibu. "Ona hao wazee."

Wazee wenyewe ni Kimani na wenzake, ambao hata ndevu hazijakolea.

Wiki hiyo hiyo Kimani mwenyewe akaja. Alikuwa amevaa fulana iliyoandikwa jina la mtaa wake na akitabasamu sikio hadi sikio.

"Niaje, mathe. Hiyo picha iko kwa dirisha, itoe."

"Ipi?"

"Ya huyo jamaa wa trausa kubwa."

"Si ni wewe?"

"Ilikuwa mimi. Zamani."

Zamani hiyo ilikuwa haijatimiza miaka minne. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na koti alilovaa alipokuja kunichukua hospitalini nilipozaliwa ndilo tulilomzika nalo. Hakuna siku aliyosema koti lile ni la mtu mwingine. Nilimtazama Kimani nikaona hatanii. Kwake, yule kijana wa dirishani alikuwa jamaa wa mbali anayetia aibu ukoo.

Niliitoa picha. Nikampiga nyingine akicheka, nikaiweka mahali pale pale. Wateja wakarudi, nami nikajiwekea sheria ya kubadilisha dirisha kila baada ya miezi sita na kusikiliza wanaosimama nje. Kwa kazi yetu, anayesimama nje bila kuingia anakufundisha kuliko aliyeingia.

Hata hivyo mara ya tatu ilinikuta vilevile. Muongo ulipokaribia kwisha, suruali zilianza kubana. Zilibana hivi kwamba Kimani alipokuja kupiga picha na mchumba wake, aliketi kwenye kiti kwa awamu. Nywele zilisimama katikati ya kichwa kama upanga wa jogoo. Alivaa miwani, na nilipotaka kuifuta ili taa isiakisi, kidole changu kikapita hadi upande wa pili. Haikuwa na vioo.

"Kimani, hii miwani inakusaidia kuona nini?"

"Inasaidia watu kuniona, mum."

Mchumba wake alivaa taiti, mkanda mpana juu ya blauzi, na viatu bapa, laini, visivyo na kisigino, ambavyo wasichana wote wa mtaa walikuwa navyo mwaka huo. Nywele za mbele zilikatwa upande zikafunika nyusi moja. Walikataa maporomoko ya maji. Walitaka ukuta mtupu. Nilikunja kitambaa cha Mzee Karanja siku hiyo, na sikukikunjua tena.

Walipoondoka nilitafuta negativu za Kimani, nikaenda kuzichapisha mjini, na jioni nikapanga picha zake tatu mezani. Kidevu ni kile kile. Kovu la juu ya jicho liko pale pale. Lakini kama ningekuonyesha picha hizo bila uso, ungeapa kwamba ni watu watatu wa mataifa matatu. Nilikaa nikizitazama kama mtu aliyeingia kanisani pasipo na ibada.

Kilichonishangaza si nguo. Ni kwamba hakuna aliyeita mkutano. Chifu hakutangaza, mchungaji hakuhubiri. Lakini vijana wa Ziwani, wa Umoja na wa Tena, ambao hawajawahi kusalimiana, walibadilika karibu katika wiki ile ile. Wauza mitumba wa soko la Muthurwa walifungua marobota wakijua tayari ni suruali ipi itainuliwa juu na ipi italala chini. Neno la Sheng nililojifunza Januari lilikuwa likiwachekesha watoto ifikapo Desemba, kwa sababu lilikuwa limeshazeeka. Kitu kilipita juu yetu kama upepo, mara tatu kwa miaka kumi, na kila mara kilimkuta kila kijana ndani ya nyumba yake na kumgeuza. Mimi niliyekuwa na kamera mkononi sikuwahi kuona kinapita. Niliona tu mahali kilipokuwa kimepita.

Kuanzia hapo nikapata ujuzi mmoja wa ajabu. Nionyeshe picha yoyote ya mtaani ya miaka ile, nitakuambia ni ya mwanzo, katikati, au mwisho wa muongo, na mara nyingi sitakosea. Nilicheza mchezo huo na wateja ili wacheke wakati nikipanga taa. Nilidhani hauna kazi nyingine.

Mapema mwaka huu, nikiwa nimeshaanza kupakia vitu, waliingia dada wawili. Mkubwa aliitwa Grace, karani katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Mdogo, Mwende, alikuwa na sare ya shule na hakutoa mikono mfukoni. Walisimama mbali na mbali, kama watu wanaosubiri magari tofauti.

"Habari ya mchana, mum," Grace alisema. "Hii picha ina muhuri wako nyuma."

Alitoa kwenye pochi picha iliyokuwa imechakaa kwa kukaa kwake humo. Mwanamke ameketi, amevaa suti ya buluu, amembeba mtoto aliyefungwa shali jeupe. Nyuma kweli palikuwa na muhuri wangu, na tarehe hapana.

"Huyu ni mama yetu," Grace akaendelea. "Alifariki Mwende akiwa hajatimiza mwaka. Mwende akalelewa na Susu, nyanya yetu, huko Machakos, mimi nikabaki hapa kwa shangazi. Sasa amekuja kuishi na mimi amalize shule, ameona hii picha, anasema huyo mtoto ni yeye."

"Ni mimi," Mwende alisema, akitazama sakafu. Grace akamkatiza:

"Susu mwenyewe aliniambia ni mimi. Nimekaa nayo tangu nikiwa mdogo. Tumeacha kuongea siku tatu juu ya hii kitu, mum. Tuambie tu ni ya mwaka gani."

Niliuliza kama wana picha nyingine ya mama yao. Grace alisema ipo moja ya kitambulisho. Yenye mtoto ni hiyo tu.

Niliichukua hadi mlangoni penye mwanga. Kwa miaka waliyonitajia, mmoja alizaliwa mwanzoni mwa muongo ule na mwingine mwishoni, kwa hiyo swali lilikuwa langu hasa, lakini mwanzoni picha haikuniambia kitu. Suti ya kanisa haina mwaka. Mtoto mchanga hana mtindo. Shali, Grace alisema, walilitumia wote wawili. Nikatazama nywele. Zilikuwa zimekatwa upande, zimefunika nyusi moja. Nikashuka taratibu mpaka chini ya picha, nikaona viatu. Vilikuwa bapa, laini, visivyo na kisigino.

Nilikuwa nimeshajua, na nilitamani nisijue.

"Keti, Grace," nilisema.

Nilitoa albamu zangu. Nikamwonyesha wanawake wa mwanzo wa muongo, mmoja baada ya mwingine, na soli zao za tofali. Nikamwonyesha wa katikati. Nikamwonyesha mchumba wa Kimani na wenzake wa mwisho. Nilimweleza kwamba katika mwaka aliozaliwa yeye, hakuna mwanamke wa Tena ambaye angeingia studio na viatu bapa hivi, na hata madukani havikuwako.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Viatu tu, mum? Unaninyang'anya mama yangu kwa viatu?"

Katika miaka yangu yote ya kazi nimewapa watu picha mbaya, nimewapotezea watu picha, wakati mmoja nilimpa bibi harusi picha za mazishi. Lakini sijawahi kumwona mtu akiumizwa na jambo nililosema kama vile Grace alivyoumia siku hiyo. Mwende hakufurahi. Nilitarajia afurahi. Alitoa tu mikono mfukoni, akavuta kiti chake kikawa karibu na cha dadake.

"Naweza kuwa nimekosea," nilisema. "Nipeni wiki moja nitafute negativu."

Niliendelea kutumia filamu hata wenzangu walipohamia kamera za kidijitali, na walinicheka sana. Negativu zote zilikuwa kwenye mikebe ya biskuti, mikebe mingi, na kila mkebe umejaa majina bila tarehe. Nilisimamisha kupakia vitu. Nilishika kila mkanda nikauinua dirishani, nikawapitia watu wa muongo mzima wakiwa wamegeuzwa rangi, meno meusi na nywele nyeupe. Waliochuchumaa walipita, waliosukumana wakapita. Siku ya kwanza nilitafuta. Siku ya pili nilikuwa natazama tu. Ilikuwa kama kusimama kando ya barabara mtaa wangu wote ukipita mbele yangu kwa mguu, na mimi peke yangu ndiye niliyewaona wote.

Siku ya tano nikapata bahasha iliyoandikwa "Mama Grace, 1". Ndani mlikuwa na kipande cha mkanda chenye picha nne, maana sikuwa nikikata mkanda kwa kila mteja. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za kijana mwenye nywele za upanga wa jogoo na miwani isiyo na vioo. Ya nne ilikuwa picha ile ya kwenye pochi. Sikuwa nimekosea.

Lakini kulikuwa na ya tatu, ambayo haikuwahi kuchapishwa. Bahasha ilisema moja, na mama yao alilipia moja, iliyotoka vizuri. Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbuka. Simkumbuki. Nilipeleka mkanda mjini, nikachapisha zote mbili kwa ukubwa mmoja.

Walikuja Jumamosi. Niliwapa kwanza ile ya mama na mtoto, pamoja na mkanda wenyewe, wamwone yule kijana aliyetangulia. Grace alitazama, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua pochi, akatoa picha yake kuukuu, akampa Mwende.

"Chukua hii ya zamani," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka saba alipotuacha. Sauti yake naikumbuka. Wewe huna kitu."

Mwende aliishika kwa mikono miwili.

Ndipo nikaweka mezani ile ya tatu. Mama yuko pale pale kitini, mtoto yuko mkono wa kushoto. Kando yake kuna msichana wa miaka saba ambaye alitoroka wakati kamera inalia, na uso wake umevutika kama maji yaliyomwagika. Mama anacheka, kinywa wazi kabisa, kicheko ambacho katika picha ile nyingine alikuwa amekwisha kukificha. Na mkono wake wa kulia umenyooka hadi mwisho, umekamata kola ya gauni la yule mtoto anayetoroka.

Grace aliinamia meza.

"Huyo ni wewe," Mwende alimwambia.

Nilisema kwamba mjini kuna watu wenye kompyuta wanaoweza kutengeneza ule uso ukawa safi, na kwamba gharama ni juu yangu.

"Hapana, mum," Grace alisema, kidole chake kikiwa juu ya ule mkono. "Wacha hivyo. Ona vile amenishika."